Kwa Mnaoanza Kusoma Habari za Mafashisti wa Uingereza

Nimesahihisha insha nyingi za wanafunzi wa historia kuhusu chama cha mafashisti cha Oswald Mosley, na karibu zote hukimbilia Cable Street, London, ambako tarehe 4 Oktoba 1936 umati ulizuia maandamano ya chama hicho, kana kwamba mambo yote yaliamuliwa siku hiyo. Nawashauri muanzie mwaka 1934, kwa kuwa ndipo chama kilipofika kileleni na ndipo kilipoanza kuporomoka.

Mosley alikuwa waziri katika serikali ya chama cha Labour, akajiuzulu mwaka 1930 baada ya mpango wake wa kupambana na ukosefu wa ajira kukataliwa. Chama alichounda baadaye hakikuambulia kiti chochote katika uchaguzi wa 1931. Akaenda Italia kuonana na Mussolini, na Oktoba 1932 akaanzisha chama hicho cha mafashisti, ambacho wanachama wake walivaa sare ya mashati meusi. Mapema 1934 gazeti la Daily Mail, mali ya Lord Rothermere, lilikuwa likikipigia debe waziwazi, na wanachama wakakadiriwa kufika 50,000.

Mkutano wa chama katika ukumbi wa Olympia, London, wa tarehe 7 Juni 1934 usomeni kwa makini. Kila mpinzani alipopaza sauti, Mosley alinyamaza, taa kubwa zikammulika mpinzani huyo, na walinzi wakampiga na kumburura nje mbele ya hadhira iliyokuwa na wabunge ndani yake. Mwisho wa mwezi huo Hitler akawaua wapinzani wake huko Ujerumani, na Julai Rothermere akaacha kukiunga mkono chama. Kufikia 1935 wanachama walikuwa wamebaki kama 5,000, na chama hakikusimamisha mgombea hata mmoja katika uchaguzi mkuu. Kikazidisha chuki dhidi ya Wayahudi, hasa London Mashariki walikoishi wengi wao.

Kwa hiyo Cable Street muiweke mahali pake. Siku ile waliopambana hasa walikuwa polisi na umati uliofunga njia, na ripoti za polisi zinaonyesha kwamba baadaye chama kiliongeza wanachama London, jambo ambalo huwaudhi wasomaji wengi lakini halina budi kuandikwa. Kwa maoni yangu, pigo zito zaidi lilikuwa sheria iliyopitishwa mwaka huohuo kupiga marufuku sare za kisiasa, maana sare ndiyo iliyowavutia vijana wengi. Hata hivyo, katika uchaguzi wa baraza la London wa Machi 1937 wagombea wa chama walipata takriban asilimia 23 ya kura Bethnal Green, mtaa wa London Mashariki, ingawa hawakushinda kiti, kwa hiyo msikizike chama kabla ya Mei 1940, serikali ilipomweka Mosley kizuizini bila kumshtaki, na Julai, kilipopigwa marufuku.