Kabla ya Kuchimba Mchanga wa Dikoni, Jua Unatoka Wapi

Juzi kijana mmoja wa Kipini aliniandikia: "Shikamoo ami. Mkondo wa kuingilia dikoni umejaa mchanga, maji yakitoka mashua zinakwama. Tumechanga pesa. Tukodi eskaveta?"

Diko ni pale pwani mashua za wavuvi zinapofikia. Sikumjibu siku ile. Swali hilo nililijibu mimi hapa Malindi miaka sita iliyopita, kwa pesa za wenzangu.

Mimi ndiye niliyesimama kikaoni nikasema tuchimbe, nao wakanifuata kwa heshima ya marehemu baba, aliyekuwa nahodha. Tulianza na makoleo na makarai siku za bamvua, maji yanapopwa kuliko siku nyingine, kisha tukaleta mashine siku mbili. Tukaupanua mkondo hadi mashua nne zingeweza kupishana. Mchanga tukaurundika upande wa kaskazini, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Siku mashua ya kwanza ilipoingia maji yametoka kabisa, kina mama walipiga vigelegele. Nami nililia, sioni haya kusema.

Ilikuwa Oktoba. Kufikia Februari fungu la mchanga lilikuwa limerudi, tena katikati ya njia. Wapo ambao mpaka leo wakinisalimu hawaniangalii usoni.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja. Alinichukua mpaka mdomo wa mkondo, akatupa kumbi la nazi majini, akaniambia nilitazame. Kaskazi ilikuwa inavuma, na kumbi likaenda kusini, likipita mbele ya diko letu. Ndipo nilipoelewa. Mto Sabaki, ule unaoanza kama Athi huko juu na kuitwa Galana ukishapokea Tsavo, hubeba udongo wa bara na kuumwaga baharini kaskazini mwa mji wetu. Kusi ikivuma, mzigo ule huelekea Mambrui. Kaskazi ikivuma, huja kwetu. Na rundo letu tulikuwa tumeliweka huko huko kaskazini, kaskazi ikaturudishia.

Kosa la pili lilikuwa ule upana tulioujivunia. Maji ya kupwa yakipita pembamba hukimbia na kusomba mchanga. Yakipita papana hupoa, na mchanga huketi.

Ndugu zangu, sisi watu wa diko tunapenda kazi ya kuonekana kwa siku moja. Pimeni kwanza! Kateni pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, mlitie alama, mpime pale pale kila bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yakiwa yametoka. Andikeni. Pimeni kaskazi nzima na kusi nzima. Mkishajua mchanga unaingilia wapi, chimbeni pembamba, mkaumwage upande ambao maji hayaurudishi. Na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kitangulie mashine. Msiwafuate wanaosema bahari haina hesabu. Nimewahi kuwa mmoja wao, na nimewatia watu hasara.

Siku hizi tunachimba kidogo kila mwaka, kwa mikono, kaskazi ikiisha. Mashua yangu inaingia.

Kijana nilimwandikia haya yote. Kwao mto ni Tana, mkubwa kuliko wetu, kwa hiyo nilimsisitizia kupima. Jana usiku alijibu kwamba pondo limeshakatwa na kutiwa alama za rangi nyekundu, na pesa zitabaki kwa mweka hazina mpaka kusi iishe.