Wadogo zangu wa maabara, andikeni saa mliyokata jani

Jana nimemkuta mdogo wetu mmoja shambani anakata majani ya muhogo anayatia mfuko mmoja, machanga na yaliyokomaa, eti atayatenga akifika maabara, na kazi yenyewe ni kulinganisha protini za jani changa na za lililokomaa. Nikamwambia weka kisu chini kwanza. Kila mwaka ni hivi hivi!

1. Hesabu majani toka juu, funga uzi kabla hujakata. Neno "changa" peke yake halituambii umri wa jani, namba yake toka juu ndo inasaidia.

2. Saa. Hapa ndo niliumia. Nikiwa masters nilikata machanga saa mbili asubuhi, mvua ikashuka, tukajibana kibandani tukala posho na maharage, yaliyokomaa nikaja kuyakata saa tisa. Yote nikayatia kwenye boksi la barafu, boda, foleni ya Wandegeya pale Kampala, karibu saa nzima. Miezi mitatu naendesha jeli, ile ya kutenganisha protini kwa ukubwa, usiku na mchana, umeme ukikatika naanza upya, na tofauti zilikuwa kibao, nikaandika kwa furaha kwamba haya ndo mabadiliko ya jani likikua. Supavaiza akaniuliza kitu kimoja tu, haya umekata saa ngapi? Nikafungua daftari, safu ya saa iko tupu kurasa zote. Nililia kweli. Protini za jani zinafuata jua na saa ya mmea wenyewe, fosfeti zinabandikwa kwenye protini na kubanduliwa ndani ya dakika chache, sasa kipi ni cha umri na kipi ni cha mchana? Halafu jani lililokatwa halijafa, kwenye barafu protiazi, vimeng'enya vinavyokata protini, zinaendelea kula taratibu, ndo maana kwenye jeli, chini ya bendi nene ya Rubisco (kimeng'enya cha jani kinachonasa kaboni dayoksaidi) pale 55 kDa, kipimo cha ukubwa wa protini, kulikuwa na ukungu wa vipande vilivyokatwa ambao mimi niliuita protini mpya. Gandisheni jani kwa naitrojeni ya kimiminika palepale shambani, jamani. Nilirudi kungoja mimea iote majani mengine.

3. Rubisco inaweza kufika nusu ya protini yote inayoyeyuka kwenye jani lililokomaa, itazifunika protini nyingine zilizo chache, ipunguzeni kwanza. Muhogo na matooke msisahau PVPP, unga wa kunasa fenoli zinazoharibu protini.

4. mRNA, ile nakala ya jeni inayoelekeza protini itengenezwe, ikipanda usiseme protini imepanda, ubikwitini (alama ya kuvunjwa) na proteasomu (mashine ya kuvunja protini) ziko kazini upande wa pili. Pima zote mbili.

Kesho saa moja tunarudi shambani na yule mdogo, yeye aje na uzi mwekundu na daftari, tanki la naitrojeni nabeba mimi.