Ukitaka Kuielewa Historia ya Sanaa, Fuata Kitu Kimoja

Anayeanza kusoma historia ya sanaa kwa kawaida hukabidhiwa kitabu kinene kinachoanza na michoro ya mapangoni, kikapita Misri, Ugiriki na Roma, kikakaa sana Italia, kisha kikaziweka China, nchi za Kiislamu na Afrika katika sura za pembeni, kila moja peke yake, kana kwamba watu wake hawakuwahi kufanya biashara na jirani. Nami nilisoma kwa mpangilio huo na mitihani nikafaulu, lakini mambo yalianza kushikamana nilipoziacha sura na kufuata kitu kimoja kila kilikokwenda. Changu kilikuwa chombo cha kauri chenye michoro ya buluu juu ya weupe.

Chombo hicho hakikubali kuwekwa katika sura moja. Katika karne ya 9 wafinyanzi wa Iraki, hasa wa Basra, waliiga vyombo vyeupe vilivyoletwa kutoka China, na kwa kuwa hawakuwa na udongo wa namna ile, waliufunika wa kwao kwa ganda jeupe lenye bati, kisha wakachora juu yake kwa kobalti, madini yanayotoa rangi ya buluu. Karne kadhaa baadaye, chini ya utawala wa Yuan, ukoo wa Kimongolia uliotawala China, mafundi wa mji wa Jingdezhen huko China nao walichora kwa kobalti iliyotoka Uajemi, na wakatengeneza sahani pana zilizowafaa wanunuzi wa Asia Magharibi. Wakafuata Waturuki wa Iznik, kisha Waholanzi wa Delft katika karne ya 17, hadi Wajerumani wa Meissen walipofungua kiwanda cha kauri halisi mwaka 1710. Mwalimu akikuuliza mtindo huu ni wa nani, usikubali kumjibu kwa jina la nchi moja.

Jifunze kutazama mahali chombo kilipovunjika. Wanafunzi wengi hukimbilia maua na mazimwi yaliyochorwa, ilhali ukingo wa kigae, yaani kipande cha chombo kilichovunjika, husema zaidi: kauri ya China ni nyeupe mpaka ndani na ngumu kama kioo, kwa sababu ilichomwa katika joto la takriban nyuzi 1,300, kigae cha Delft kina udongo wa manjano au wa kahawia hafifu chini ya ngozi nyeupe, cha Iznik ni cheupe lakini kina chembechembe, maana kimetengenezwa kwa mawe meupe yaliyosagwa. Michoro huigwa, lakini udongo huigwa kwa shida sana.

Baada ya kujua kilikotengenezwa, uliza kilitumikaje kilikofika, swali ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Katika pwani yetu bakuli la China liliacha kuwa chombo cha kulia likawa sehemu ya jengo: lilipigiliwa katika chokaa ya makaburi ya nguzo, kama yale ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, na ya Mambrui karibu na Malindi, au likapangwa katika zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za nyumba za Lamu. Mengi ya makaburini yameng'olewa na wezi, na kilichobaki ni mashimo ya mviringo ukutani ambayo mgeni anaweza kudhani ni pambo. Hapa pana tahadhari ya kitaalamu. Bakuli lililojengewa kaburini linakuhakikishia tu kwamba kaburi halikujengwa kabla ya bakuli kutengenezwa. Huenda familia ililitunza kwa vizazi kadhaa kabla ya kuliweka pale.

Kuhusu vipindi, ninashauri daftari lenye safu zinazosomwa kwa upana, ili miaka inayokaribiana ikae pamoja bila kujali nchi. Katika ukurasa mmoja Giotto, mchoraji wa Italia, anafariki mwaka 1337, Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, anafika Kilwa mwaka 1331, na vyombo viwili vya maua vya Jingdezhen, ambavyo sasa vipo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, vina maandishi ya mwaka 1351. Ukiviona hivyo utasita kuita miaka hiyo "mwisho wa Zama za Kati", kwani jina hilo lilibuniwa Ulaya kwa mambo ya Ulaya, na Kilwa ya wakati huo ilikuwa katika neema yake.

Si lazima uende London. Makumbusho mengi makubwa yameweka picha zao kwenye intaneti, na Metropolitan ya New York imeruhusu nyingi zitumike bure tangu 2017. Ila soma vipimo kabla ya kutazama picha, kwa sababu kwenye simu kikombe na mtungi huonekana sawa. Vyombo vile vya 1351 vina urefu wa zaidi ya sentimita 60. Na kama kauri haikuvutii, shanga za kioo au karatasi zitakufaa vilevile, mradi tu uchague kitu kilichovuka bahari au jangwa na kikabadilishwa matumizi na waliokipokea.