Anzeni na karatasi ya mtihani

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: chuo kikuu cha Afrika Mashariki kikitaka kweli kuondoa ukoloni katika masomo yake, kianzie wapi? Kianzie kwenye karatasi ya mtihani. Sanamu ya Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza wa kusini mwa Afrika, iliondolewa Chuo Kikuu cha Cape Town tarehe 9 Aprili 2015, mwezi mmoja tangu wanafunzi waanze kuipinga, na ilistahili kuondoka. Masomo hayaondoki kwa winchi. Yamekaa ndani ya nyaraka ambazo wachache huzisoma hadi mwisho: muhtasari wa kozi, mwongozo wa kusahihisha, kanuni za kupandisha vyeo, hata namba iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu cha maktaba.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa chuo kikuu cha Nairobi. Septemba 1968, kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza alipeleka kwenye Bodi ya Fakulti ya Sanaa waraka kuhusu maendeleo ya fakulti hiyo. Tarehe 24 Oktoba, wasomi watatu wa hapo, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walijibu kwa waraka wao. Hawakuomba kozi moja ya fasihi ya Kiafrika iongezwe pembeni. Walitaka idara yenyewe ivunjwe na iundwe nyingine, fasihi ya Afrika ikiwa kitovu na fasihi simulizi ikiwa na nafasi ya kwanza. Ya Karibea na ya Wamarekani weusi zisomwe, na ya Ulaya isomwe pia, lakini mwanafunzi aanze alipo ndipo atazame nje. Walidai mpangilio mzima, ndiyo maana mabadiliko yalishika. Tena hayakuishia chuoni: mwaka 1974 walimu na wahadhiri walikutana Nairobi School kujadili fasihi ya Afrika katika shule za Kenya, kwa kuwa mwanafunzi anafika mwaka wa kwanza na kile tu alichotahiniwa sekondari.

Dar es Salaam ilishika njia nyingine. Baada ya mgogoro wa wanafunzi na serikali juu ya Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1966, na Azimio la Arusha mwaka uliofuata, chuo kilianzisha somo la maendeleo kwa wanafunzi wa fani zote, lile ambalo hadi leo wanafunzi huliita DS (Development Studies). Lilikuwa jambo la maana na limewafumbua macho wengi. Udhaifu wake ni kwamba liliziruhusu kozi nyingine zikae kama zilivyo. Mwanafunzi wa uhandisi anasikia habari za biashara isiyo ya haki saa mbili asubuhi, saa nne anaingia darasani ambako mifano yote ni ya udongo, hali ya hewa na viwanda vya nchi nyingine. Kozi ya nyongeza huwapa walimu wengine ruhusa ya kutobadilika.

Sasa mtihani. Idara ichague kozi moja, ya lazima, ya mwaka wa kwanza, na ikusanye karatasi zake za miaka 5. Kwa kila swali iulizwe hivi: je, mwanafunzi anaweza kupata alama zote bila kusoma chochote kilichoandikwa na msomi wa Afrika, na bila kutumia tukio, takwimu au hukumu yoyote ya hapa? Kama jibu ni ndiyo kwa maswali yote, basi orodha ya vitabu, hata ikiwa na majina 20 ya Kiafrika, ni pambo. Mwanafunzi hana muda wa kusoma pambo. Anasoma kinachotoka.

Kuna mitego hapa ambayo hurudiwa karibu kila idara. Wa kwanza ni swali la hiari. Karatasi inasema "jibu maswali matatu kati ya matano", swali la Afrika ni la tano, na wengi wanaliruka kwa kuwa halikufundishwa sana. Liwe la lazima, au liingizwe ndani ya maswali yote. Mtego wa pili ni ratiba. Muhula una wiki 15, na maandishi mapya huwekwa wiki ya 14 na 15, zile zile zinazoliwa na vipindi vya kufidia na majaribio ya mwisho. Yapelekwe wiki ya pili au ya tatu, ambako dhana za msingi zinajengwa. Wa tatu ni kuongeza bila kupunguza. Kwa wiki mwanafunzi wa kozi moja husoma kurasa 40 hadi 60 kama ana bidii; ukimwongezea makala tano hasomi hata moja. Kila kinachoingia kitoe kimoja, na aliyekitoa aandike sababu kwenye kumbukumbu za kikao, ili mhadhiri ajaye asikirudishe kimyakimya.

Halafu nakala. Katika maktaba nyingi za vyuo vyetu, vitabu vilivyoandikwa hapa vimewekwa kwenye chumba cha Africana, na chumba hicho hakiazimishi. Kitabu cha London kinakwenda bwenini, cha Dar es Salaam kinasomwa saa za kazi tu, ndani, bila begi. Darasa likiwa na watu 300, mkutubi ahusishwe kabla ya muhula, si baada ya malalamiko: nakala ya pili na ya tatu ziwekwe kwenye azima ya muda mfupi, na ruhusa ya kusambaza sura moja kwa njia ya kidijitali iombwe kwa mchapishaji mapema.

Mkutubi huyo huyo ana kazi nyingine ambayo haijulikani sana. Katika mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba, Kiingereza kimepewa 420 yote, Kijerumani 430, Kifaransa 440, na lugha nyingi za Afrika zimebanwa ndani ya 496; Kiswahili ni 496.392. Wengi hudhani hilo haliguswi. Linaguswa. Mfumo wenyewe unaruhusu maktaba iipe lugha ya mahali kipaumbele kwa kutumia herufi, ikatangulia 420, na fasihi yake vivyo hivyo kwenye 800. Kazi yenyewe ni lebo, rekodi za kompyuta na wiki kadhaa za uvumilivu. Kosa la kuepuka ni kubadilisha rafu bila kubadilisha katalogi; hapo vitabu vinapotea kabisa.

Katika somo la sheria huwezi kufuta tu. Tanganyika ilipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa Kenya tarehe ni 12 Agosti 1897, kwa Uganda 11 Agosti 1902. Mwanafunzi lazima aijue sheria hiyo, vinginevyo atashindwa kazi. Lakini tarehe hizo zenyewe ziwe somo la kwanza: nani alizipanga, sheria gani zilikuwa zikitumika siku iliyotangulia, na mahakama zetu zimejitenga wapi tangu hapo. Swali la mtihani lisiwe "eleza kanuni fulani" pekee. Litoe mgogoro wa shamba la ukoo kijijini, mwanafunzi aamue nafasi ya mila, ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ya hukumu za Mahakama ya Rufani. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, Kiingereza kikabaki kwa nafasi maalumu. Shahada ya sheria bado inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Hili linaniuma, kwa kuwa anayeumia ni mteja. Kati ya alama 40 za kazi za muhula, 15 zinaweza kutolewa kwa kuandaa hati ya madai na kusimama kwenye mahakama ya mazoezi kwa Kiswahili. Idara haihitaji kusubiri sera mpya ya lugha ili ifanye hivyo, ila wasahihishaji wakubaliane kwanza istilahi, la sivyo mwanafunzi mmoja atapata na mwenzake atakosa kwa neno lile lile.

Wanasayansi husema haya ni mambo ya watu wa fasihi. Si kweli. Wekundu wa ngozi iliyovimba, unaoelezwa vitabuni kama dalili ya wazi, kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliokolea. Upungufu wa oksijeni utafutwe kwenye ulimi, ndani ya midomo na kwenye utando wa jicho. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho kina kasoro: utafiti wa Marekani uliotolewa 2020 ulionyesha kwamba kilishindwa kuona upungufu uliojificha kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Mwanafunzi wa udaktari Mwanza au Kisumu anayetahiniwa kwa picha za ngozi nyeupe anajifunza kutoona wagonjwa wake mwenyewe. Picha zipigwe kwenye hospitali ya kufundishia, kwa ridhaa ya maandishi, na ziingie kwenye mtihani wa vitendo.

Kuhusu nani anaingia chuoni nitasema kidogo. Makerere ilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana alama 1.5 kwenye udahili, na idadi yao ilipanda waziwazi. Lakini nyongeza ya jumla huwafikia zaidi wasichana wa shule zilizokwisha kuwa nzuri, za mjini na kandokando yake, na haimsaidii aliyesoma shule isiyo na maabara kuingia uhandisi. Kwa huyo kinachohitajika ni kozi ya maandalizi ya sayansi kabla ya mwaka wa kwanza, yenye malazi na mkopo. Bila malazi, anayetoka mbali haji.

Yote haya hukwama mahali pamoja: kanuni za kupandishwa cheo. Mhadhiri akitumia miaka miwili kuandika kitabu cha kiada cha Kiswahili, chuo chake mara nyingi kinakihesabu chini ya makala moja iliyotoka kwenye jarida la ng'ambo, ambalo kuchapisha wazi, yaani makala isomwe na wote bure, kunaweza kugharimu zaidi ya dola 2,000. Kwa hiyo anafanya anacholipwa kukifanya. Kamati ya vyeo iandike wazi kwamba kazi ipimwe kwa uhakiki wake, si kwa anwani ya mchapishaji, na kitabu cha kiada kilichohakikiwa na wasomi wawili wasiomjua mwandishi kipewe alama zisizopungua za makala mbili. Kanuni hiyo iende Seneti ya chuo pamoja na muhtasari mpya wa kozi, kikao kimoja. Zikipelekwa kwa kuachana, muhtasari utapita kwa makofi, kanuni itarudishwa "kwa marekebisho", na baada ya mwaka hakutakuwa na mtu wa kuuandikia muhtasari huo vitabu.