Kabla ya kurusha glaida kubwa, jua utaishushia wapi

Glaida yangu ni ndege ya mfano isiyo na injini, naiendesha kwa rimoti nikiwa nimesimama chini; bawa lake lina mita 3.2 toka ncha hadi ncha. Nililikata mwenyewe kwa waya wa moto kutoka kwenye stairofomu, ile nyeupe inayokuja ndani ya boksi la friji. Miezi minne ya jioni na Jumapili. Lilivunjika kwa sekunde moja, tena wala si hewani.

Tulikuwa watu saba, Julai, kwenye safu ya Mbeya, chini kidogo ya kilele cha Loleza. Msimu huo upepo wa kusini-mashariki hupiga mteremko na kupanda juu, na glaida haina injini nyingine zaidi ya huo. Tulifuata utaratibu wa F3F, yaani mashindano ya kasi ya glaida za rimoti mlimani: kozi ya mita 100, unaikata mara kumi, saa ndiyo inaamua. Raundi ya kwanza nikashika nafasi ya pili. Nikajiona.

Asubuhi ile mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alisimama kututazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hilo dude mtalishushia wapi?"

Nikamwonyesha uwanda nyuma ya ukingo wa mlima. Akatikisa kichwa. "Pale hata moshi wetu huwa unarudi ulikotoka."

Nikacheka kwa adabu, nikaendelea kukaza skrubu.

Mzee alishamaliza somo zima. Upepo ukivuka ukingo huporomoka na kujiviringisha, na karibu na ardhi unaweza kuvuma kinyume kabisa. Mimi nikaileta glaida taratibu, kama ninavyotua ile yangu ndogo. Ilipoingia pale, upepo wa mbele ukakatika, bawa la kushoto likadondoka, ncha ikachota udongo. Kiungo cha katikati, ambacho nilikitengeneza kwa mwanzi (usiniulize), kikapasuka. Raundi zilizobaki nilikuwa mpiga picha wa wenzangu.

Siku hizi nikifika mlimani, kabla ya kufungua boksi nafunga utepe wa kaseti ya zamani kwenye fimbo na kutembea nao kuanzia ukingoni kurudi nyuma. Pale unapoanza kulegea au kuelekea ukingoni, hapo situi. Inachukua dakika kumi.

La pili ni mwendo. Kwenye mita 2,400 hivi hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo glaida ileile inahitaji kasi zaidi, kama asilimia 12, ili isidondoke. Macho yatakuambia inakimbia mno. Usiyasikilize; iache ikimbie, kasi uje kuiua mwishoni kwa breki za bawa.

Uzito wa kuongeza ndani ya glaida upepo ukiwa mkali naupata kwa fundi matairi: vile vipande vya risasi vya kubalansia magurudumu. Viweke palepale glaida inapobalansi. Yangu ni sentimita 7.5 toka ukingo wa mbele wa bawa lenye upana wa sentimita 24 kutoka mbele hadi nyuma.

Uwanda wa nyuma ukikutia shaka, achana nao. Tua upande wa upepo, chini ya ukingo, pua ikitazama mlima ili mwinuko wenyewe umalize mwendo. Mara ya mwisho niliifuata dakika ishirini vichakani, nikaikuta imekaa juu ya majani, bawa zima, ng'ombe wawili wanainusa.