Mama Anaona Vizuri Baada ya Upasuaji wa Mtoto wa Jicho: Je, Aache Dawa?

SWALI: Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi bandia katika jicho la kulia. Leo ni siku ya tano. Anaona vizuri, tena anashangaa rangi zinavyong'aa, ila analalamika kwamba jicho linamkwaruza kana kwamba lina mchanga. Kwa kuwa anaona, anasema dawa ya matone haina kazi tena, na kinga ya plastiki tuliyopewa amekataa kulala nayo. Je, ni sawa? Na sisi tunaomuuguza tuangalie nini?

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada, na mfikishie mama pongezi zetu kwa kupata nuru. Hata hivyo, kuona si kupona. Lenzi bandia hufanya kazi tangu inapowekwa, lakini kidonda ilikopitia, ambacho mara nyingi huwa cha milimita 2 hadi 3 au zaidi kidogo kulingana na njia aliyotumia daktari, kwa kawaida huachwa bila kushonwa ili kijifunge chenyewe, na ndani ya jicho hubaki uvimbe unaochukua wiki kadhaa kutulia.

Matone hayo hayakutolewa ili aone. Kwa kawaida dawa moja huzuia vijidudu, na nyingine, ambayo mara nyingi ni ya steroidi, hutuliza uvimbe, nayo hupunguzwa hatua kwa hatua kwa muda wa takriban wiki 4. Akiiacha ghafla, uvimbe unaweza kurudi na kuharibu alichokwisha kukipata. Akiizidisha muda bila kuambiwa, presha ya jicho inaweza kupanda. Kwa hiyo mfuate karatasi ya daktari, msiongeze wala msipunguze.

Namna ya kutia dawa ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Nawa mikono kwa sabuni, kisha mama aketi au alale chali na kutazama juu. Vuta taratibu kope la chini kwa kidole kimoja mpaka pafanyike kijifuko, udondoshee humo tone moja tu, bila ncha ya chupa kugusa jicho wala kope. Afumbe jicho polepole bila kulikaza, nawe ubonyeze kidogo pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja hivi, ili dawa isiteremkie kooni. Kama kuna dawa ya pili, subirini dakika 5, la sivyo ya pili itaisukuma nje ya kwanza. Ikiwa mkono wake unatetemeka, asijitilie mwenyewe.

Kule kukwaruza ni jambo la kawaida, kwa sababu ya kidonda na ukavu wa jicho, na hupungua siku hadi siku. Hatari yake ni kwamba humshawishi mtu kujifikicha, jambo ambalo mama hapaswi kulifanya hata kidogo. Ndiyo maana kinga huvaliwa usiku, mara nyingi kwa wiki moja: mkono wa aliyelala hauna mwenyewe. Mbembeleze aivae, na asilalie upande wa kulia.

Kusoma, kutazama televisheni na kutembea haviidhuru lenzi. Aepuke kubeba vitu vizito, kuinama sana, vumbi na moshi, na maji ya kuogea yasiingie jichoni. Kuogelea kusubiri ruhusa ya daktari.

Sasa nisikilize kwa makini. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaoongezeka, usaha, kope kuvimba, au uoni uliokuwa mzuri kufifia, ni dalili za kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo akiona mimweko ya mwanga, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, au kitu kama pazia kikimfunika upande mmoja. Maambukizi ya ndani ya jicho ni nadra, lakini yakitokea huweza kuondoa uoni kwa siku chache tu, na mara nyingi hujitokeza katika wiki ya kwanza au ya pili. Msisubiri tarehe ya kliniki, wala msinunue matone dukani kwa kubahatisha.

Rangi zinazomshangaza si tatizo. Lenzi ya zamani ilikuwa imegeuka manjano na kuzuia mwanga wa buluu, na sasa kizuizi hicho hakipo. Miwani isipimwe mapema; wengi hupimwa baada ya wiki 4 hadi 6, jicho likishatulia, na asivunjike moyo akihitaji miwani ya kusomea, kwa kuwa lenzi nyingi huwekwa kwa ajili ya kuona mbali tu. Kama ana kisukari, mkumbusheni daktari achunguze pia retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga.

Baada ya miezi au miaka, uoni unaweza kuwa na ukungu tena. Mtoto wa jicho haurudi. Ni utando ulioishikilia lenzi ndio hupoteza uangavu, na daktari huufungua kwa mwanga wa leza kwa dakika chache, bila kumrudisha mama kwenye chumba cha upasuaji.