Saa tisa iliyorudi nyuma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kwamba katika maandishi ya kale ya watawa wa Uingereza unayoyatafsiri uliandika kuwa walikula "saa sita mchana", na mhariri wako akakurudishia ukurasa akidai kwamba noon ya maandishi hayo ni saa tisa. Mhariri wako yuko sahihi, ingawa nawe sikulaumu, kwa kuwa kamusi yoyote ya leo itakuambia kwamba noon ni wakati jua liko utosini.

Waingereza walilipata neno hilo katika Kilatini, nona hora, yaani saa ya tisa, wakaliandika nōn katika Kiingereza chao cha kale. Warumi waliugawa mchana, tangu jua kuchomoza hadi kutua, katika saa kumi na mbili, kama tuhesabuvyo sisi. Saa yao ya tisa basi iliangukia alasiri, wakati ambapo mshale mfupi wa saa ya ukutani hapa sebuleni huelekea 3, nami bila kufikiri nikasoma 9 iliyo upande wa pili. Ndiyo maana Biblia yetu inaposema katika Matendo 3:1 kwamba Petro na Yohana walikwea hekaluni saa ya kusali, saa tisa, msomaji wa Tanga anaelewa papo hapo, ilhali Mwingereza anayekuta saa hiyo hiyo ya tisa katika Biblia yake ya zamani hana budi kupiga hesabu kwanza.

Tofauti yetu na Warumi ni kwamba saa zao hazikuwa na urefu mmoja. Huku karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, lakini mjini Roma mchana mfupi kabisa wa Desemba huchukua saa tisa hivi zetu, na ule mrefu wa Juni saa kumi na tano, kwa hiyo saa moja ya Kirumi iliweza kuwa na dakika 45 au 75 kufuatana na majira.

Kanisa lilirithi hesabu hiyo na kuiwekea sala, nona ikiwa mojawapo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inaagiza kwamba tangu katikati ya Septemba hadi mwanzo wa Kwaresima watawa wale saa ya tisa, na mahali pengine, ikipanga kazi za kiangazi, inaruhusu sala ya nona isaliwe mapema kidogo, katikati ya saa ya nane. Wapo wanaosema kwamba njaa ndiyo iliyoivuta nona nyuma. Maelezo hayo yananifurahisha, maana yeyote aliyewahi kufunga anaujua urefu wa alasiri, ila nisingeitwisha njaa mzigo wote, kwa kuwa mlango wa kuisogeza sala ulikuwa wazi katika kanuni yenyewe. Kwa vyovyote vile, sala na mlo vilirudi nyuma, jina likavifuata, na kufikia karne ya 14 noon ilikuwa saa sita ya mchana kwa kawaida. Wahispania nao walichukua sexta, saa ya sita, wakapata siesta, ambayo leo ni usingizi wa baada ya chakula. Hiyo imesogea mbele badala ya kurudi nyuma.

Katika kazi yako, basi, anza na tarehe ya maandishi. Yakiwa ya kabla ya karne ya 12, andika "saa tisa" bila wasiwasi. Ya karne ya 12 na ya 13 ndiyo yenye mtego: humo tazama sala zilizotajwa kabla ya mlo na zile zinazofuata, ndipo uamue. Adhuhuri ningeiepuka kabisa, hata pale ambapo saa ni sita kweli, kwa sababu msomaji wetu akikutana na neno hilo katika ukumbi wa chakula wa watawa atasikia adhana.

Mama yako